Kabla ya kufundisha methadoni, fundisheni arosto

Mi ni nesi, na kwa miaka kadhaa sasa nazunguka vituo vya afya hapa Dar kuwafundisha wenzangu namna ya kuhudumia watu wa unga, na kila nikiitwa mahali naomba kitu kimoja kwanza, mambo ya miligramu za methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa badala ya heroini, tuyaweke pembeni, asubuhi nzima tuongelee arosto, yaani yale mateso ya mwili mtu akikosa unga.

Nina sababu. Zamani, kabla sijapata mafunzo yoyote, alikuja kijana dirishani kwetu saa moja na nusu asubuhi anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtoka, vinyweleo vya mikono vimesimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa na wakati jua lishaanza kuwaka, nikamwambia akae foleni kama wenzie. Akaomba tena, sauti ikapanda. Nikamwita mlinzi. Hakurudi tena yule kijana, na inaniuma mpaka leo manake dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu mi nikaona ukorofi tu.

Arosto inapimwa, jamani. Kuna fomu ya vipengele 11, mapigo ya moyo, jasho, mboni za macho, tumbo, miayo, vinyweleo na kadhalika, kila kimoja kina alama zake. Mkae nayo mpaka kila mtu aielewe, mapokezi na maabara wakiwemo, na mlinzi naye aelezwe dalili kwa lugha ya kawaida kwasababu yeye ndo anamwona mgonjwa kabla ya daktari. Halafu mleteni mtu aliyetoka maskani, ambaye saa hizi yuko kwenye dawa na ametulia, aongee mwenyewe. Kuna mama alituambia kete yake ya asubuhi ilishaacha kumpa stimu siku nyingi, alikuwa anaitafuta ili apate nguvu ya kunyanyuka amwogeshe mtoto. Mfamasia aliyekaa karibu yangu akaweka kalamu chini.

Baada ya hapo ndo dozi, na zinaingia kirahisi. Methadoni inakaa mwilini muda mrefu, ya leo haijaisha unaongezewa ya kesho, kwahiyo inarundikana. Ndo maana mtu anaanzishwa na kama miligramu 20, siku ya kwanza isizidi 30, inapandishwa polepole kwa wiki kadhaa mpaka wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Hatari ninayoiogopa zaidi ni huruma, nesi anamwona mgonjwa siku ya tatu bado anatetemeka anatamani aongezewe harakaharaka, na wiki mbili za mwanzo ndo watu wako kwenye hatari kubwa ya kufa kwa dozi kuzidi. Mwambie mgonjwa mapema kabisa kwamba siku za mwanzo arosto haitaisha yote. Na akija amelewa au anasinzia, hanywi mpaka mganga amwone.

Kingine ambacho vituo vingi vinakipita juujuu ni kifua kikuu. Mgonjwa ametulia miezi, dirisha la TB wanamwanzishia rifampisini, wiki moja au mbili baadaye ana arosto kali na watu wanaanza kunong'ona eti karudi kwenye unga. Kumbe rifampisini inaifanya methadoni iishe haraka mwilini, baadhi ya dawa za ARV kama efavirenzi nazo hivyohivyo, dozi inatakiwa ipandishwe, na akimaliza dawa za TB ishushwe taratibu la sivyo itamzidi. Watu wa TB, CTC (kliniki ya VVU) na methadoni wafundishwe chumba kimoja, siku moja.

Uzoefu upo hapahapa nyumbani, Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, kwahiyo ombeni ruhusa timu yenu ikakae siku mbili tatu kwenye dirisha la kliniki kubwa waone watu wanavyokunywa dawa kila siku mbele ya nesi, hata sikukuu.

Mwisho siku za kukosa. Akikosa siku 3 au zaidi mfululizo asipewe dozi yake ya zamani, mwili ushasahau, mganga aanze naye upya kwa kiasi kidogo. Wengi wanakosa kwasababu wamewekwa ndani au wamelazwa kwingine. Kituo kimoja waliandika namba ya nesi wa zamu nyuma ya kadi ya mgonjwa, ili popote atakapokuwa mtu apige kuulizia dozi. Na nyie andikeni.