Kiuno kinachouma miezi minane na hofu ya kupasuliwa: jibu la dereva wa lori

Ndugu yetu mwenye umri wa miaka 43 ameeleza kwamba kiuno kinamuuma kwa miezi minane sasa, kwamba kipimo cha MRI kimeonyesha diski, yaani ule mto laini, iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetokeza, na kwamba ameambiwa ajiandae kupasuliwa. Anauliza maumivu haya hutokana na nini, na kama kweli hakuna njia nyingine. Mimi si daktari. Nimeendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 14, na miaka miwili kati ya hiyo nilikuwa nikishuka kwenye kabini kwa kushikilia mlango kama mzee aliyepoteza mkongojo. Ninayoandika hapa ni yale yaliyonipata, pamoja na yale niliyofundishwa na waliofanikiwa kunisaidia.

Kwangu yalianza polepole. Nikipita matuta ya Mikumi nilihisi kitu kinavuta upande wa kushoto, nikifika Makambako nimekisahau. Siku moja, baada ya kukaa karibu siku mbili kwenye foleni ya mpakani Tunduma, niliinama kukaza kamba ya turubali, kiuno kikanishika nikabaki nimeinama vilevile, nimeishikilia kamba, mpaka utingo wangu alipokuja kuniegemeza kwenye tairi. Nilidhani ni jambo la wiki moja. Maumivu yakapita wiki 12, muda ambao madaktari huanza kuyaita maumivu sugu, na katika kipindi hicho nilitibiwa UTI mara mbili kwa sababu kila anayeshika kiuno huku kwetu huambiwa ama ni mkojo, ama ni figo. Baadaye nilielezwa kwamba maumivu ya figo kwa kawaida hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na mara nyingi huambatana na homa au mabadiliko ya mkojo, wala hayaongezeki eti kwa sababu umeinama kuvaa viatu. Yangu yaliongezeka hasa wakati wa kuvaa viatu.

Kuhusu chanzo, jibu la kweli haliridhishi sana: kwa watu walio wengi, hakuna sehemu moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole na kuambiwa hii ndiyo inayouma. Misuli, kano, maungio madogo ya pingili na diski zenyewe zote zinaweza kuchangia kwa pamoja. Kwa sisi madereva kuna mtikisiko wa gari unaopanda kupitia kiti kwa saa nyingi, kuna kukaa bila kunyooka, kisha kuna ile tabia ya kushuka na kubeba kitu kizito papo hapo wakati mwili bado umekakamaa. Sigara huongeza uwezekano, uzito mkubwa wa mwili vilevile, na usingizi mbaya pamoja na mawazo huufanya mwili uhisi maumivu makali kuliko hali halisi ya kiuno. Hili la mawazo nilikuwa nikilikataa kwa hasira, mpaka nilipogundua kwamba wiki ambayo marejesho ya mkopo yamechelewa ndiyo wiki ambayo kiuno hakinilazi.

Sasa nije kwenye picha yako ya MRI, kwa sababu naona ndiyo iliyokutia hofu, kama ilivyonitia mimi. Yangu iliandikwa kwamba diski zimechakaa na moja imetokeza, na niliposoma neno “kuchakaa” nikawa natembea kwa tahadhari kana kwamba nimebeba trei ya mayai. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti zilizowapiga picha watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye umri wa miaka 40, takriban 68 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na takriban 50 walikuwa na diski iliyotokeza, nao walikuwa wanaendelea na shughuli zao. Picha hiyo huwa na maana zaidi inapolingana na dalili: maumivu yanayoshuka kwenye tako, paja na mguu mpaka chini ya goti, pamoja na ganzi au udhaifu, yaani siatika, ambapo mshipa wa fahamu umebanwa au umesumbuliwa. Hukutueleza kama mguu unauma au ni kiuno peke yake, nalo ndilo jambo ambalo ningetaka kulijua kabla ya lingine lolote.

Kabla ya kuendelea, lipo jambo lisilosubiri. Ukianza kushindwa kuuzuia au kuutoa mkojo, au choo kikakutoka bila kujua, au ukahisi ganzi sehemu zile unazokalia ukiwa juu ya baiskeli, au miguu ikaanza kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Vilevile maumivu yanayoambatana na homa, kukonda, jasho la usiku, kuanguka kwa kishindo, au historia ya saratani yanahitaji uchunguzi wa haraka. Utingo wangu, yule aliyeniegemeza kwenye tairi, alianza kulalamika mgongo mwaka uliofuata, nasi tukamtania kwamba ameniiga. Alikuwa akilowanisha shuka kwa jasho kila usiku na mkanda wake wa suruali ulikuwa umeongezwa matundu mawili kwa msumari. Alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alitibiwa kwa dawa kwa miezi mingi na akapona, lakini lile tundu la pili la mkanda mimi ndiye niliyemtobolea, na sikuuliza kwa nini anakonda.

Nilipoteza muda wangu mwingi katika kulala. Nilikaa kitandani wiki mbili kwa ushauri wa kila aliyekuja kunijulia hali, nikaamka dhaifu kuliko nilivyolala. Nikavaa mkanda wa kiuno mchana kutwa. Nikaenda kwa mzee mmoja anayechua kwa mafuta na kisha kukanyaga mgongo. Kuchuliwa kwenyewe kulinipa nafuu ya siku moja au mbili, kukanyagwa sikushauri. Nikameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, miezi minne mfululizo, nikiinunua dirishani bila cheti, mpaka nikapata choo cheusi kama lami, ambacho ni dalili ya damu kuvuja tumboni. Dawa za kundi hilo husaidia kwa siku chache, kwa kipimo kidogo, baada ya chakula, na kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo. Tramadoli, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, wenzangu wengi wanaijua. Inatuliza, kisha inakufanya uihitaji, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri dawa za jamii hiyo zisitumiwe kwa kawaida. Mwongozo huohuo hauungi mkono mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Unaunga mkono mazoezi, elimu na msaada wa kisaikolojia.

Aliyenitoa nilipokwama ni dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Siku ya kwanza hakunigusa, aliangusha kalamu sakafuni akasema, “Baba, niokotee.” Nikashuka kama ubao, mgongo umekazwa, pumzi nimeizuia. Akacheka kidogo akaniambia kwamba ninakilinda kiuno mpaka ninakichosha. Akaniagiza mambo matatu. Kutembea kila siku, nianze dakika 10 na kuongeza taratibu. Kulala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, kisha kuinua makalio na kuhesabu hadi 8. Kupiga magoti na viganja chini, halafu kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila kiuno kuyumba, kisha kubadilisha. Baadaye akaongeza dumu la maji la lita 5 la kuinua kutoka sakafuni, likaja la 10, mwisho ndoo ya lita 20. Wiki sita za mwanzo sikuona tofauti ya maana na nilikaribia kuacha. Mwezi wa nne wa mazoezi nilifunga turubali mwenyewe. Maumivu hunirudia bado mara mbili au tatu kwa mwaka. Hukaa siku nne hivi, nami siku hizo natembea polepole badala ya kulala.

Kuhusu kupasuliwa: upasuaji wa diski husaidia zaidi maumivu ya mguu kuliko ya kiuno, na diski nyingi zilizotokeza husinyaa zenyewe kwa miezi kadhaa. Kwa mwenye siatika kali isiyotulia baada ya wiki nyingi za tiba, au mwenye mguu unaopoteza nguvu, upasuaji ni tiba halali na simtishi mtu. Sindano ya dawa karibu na mshipa wa fahamu nayo ipo. Nafuu yake mara nyingi ni ya muda. Mwulize daktari wako wa upasuaji anakusudia kuondoa maumivu yapi, ya mguu au ya kiuno, na nini kitatokea ukisubiri miezi mitatu huku ukifanya mazoezi na mtaalamu. Usiku wa leo vua viatu, tembea kwa visigino hatua kumi, kisha inua kidole gumba cha kila mguu huku mtu akikikandamiza kwa mkono. Diski hiyo ya pingili ya nne na ya tano ikiubana mshipa wake wa fahamu, kidole hicho ndicho mara nyingi huanza kulegea. Tuandikie umeonaje, na kikilegea usisubiri jibu letu. Mrudie daktari kesho asubuhi.