Muulize Mzee wa Shabaha: shotigani ya vizimbani, risasi za marehemu na bega la mlinzi

Toleo lililopita nilisema nitapokea maswali ya shotigani, yaani bunduki za marisau (zile zinazorusha vichembe vingi kwa mara moja), na ulinzi wa mali, basi mmeniandikia kweli, na karibu yote yametoka huku kwetu ziwani, Mwanza. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Mlioniuliza bei mnisamehe, bei nendeni dukani.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina vizimba vya sato huku Luchelele, mwaka huu wameshanikatia nyavu usiku mara mbili wakabeba samaki waliofikia kuuzwa kabisa, na mchana nako mnandi, wale ndege wala samaki, wanashinda hapo juu utadhani wamelipa kiingilio. Nimeamua ninunue shotigani. Sasa watu wananichanganya, huyu anasema chukua pampu, yule anasema mitutu miwili, afu naambiwa risasi zake zina namba namba. Nichukue ipi na risasi namba ngapi? Nitamwachia kijana wangu anayelala kwenye mtumbwi pale.
*Mfugaji, Luchelele*

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa samaki. Naanza na hilo la mwisho maana ndo litakalokupeleka ndani hata kabla hujafyatua. Leseni ya silaha ni ya mtu aliyeombewa, jina lake na picha yake, sio ya nyumba wala ya kizimba. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 huwezi kumkabidhi kijana bunduki yako ukaenda kulala Nyegezi, hata kama ni mtoto wa dada yako na unamwamini kuliko unavyojiamini mwenyewe. Kama unataka mlinzi mwenye silaha tafuta kampuni ya ulinzi yenye vibali vyake, kama unataka silaha yako basi utakesha nayo wewe. Na maombi yanaanzia serikali ya mtaa wako, yanapanda kata, yanaenda wilayani kwa polisi na kamati ya usalama, na kuendelea juu. Anayekuambia anakupatia fasta bila hayo anakuuzia kesi.

Haya, tuje kwenye bunduki yenyewe. Mitutu miwili ni rahisi kuikagua, unaivunja katikati unaona matundu mawili, yako wazi au yamejaa, hata gizani unapitisha kidole. Pampu, ile unayovuta na kusukuma kwa mkono wa mbele kuingiza risasi, inabeba risasi nyingi zaidi lakini inataka mkono wenye uhakika, ukivuta nusu nusu kwa woga ganda la zamani halitoki vizuri, jipya linaingia kiupande, imekwama, na wewe usiku ule ndo unajifunza. Kwa mtu anayeanza mimi nasema mitutu miwili, na wanaobisha waje wabishe.

Kuhusu namba, hapa ndo watu wengi wanapigwa dukani. Kuna geji, ile 12 au 20, ambayo ni upana wa mtutu. Geji 12 maana yake ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukatengeneza gololi 12 zinazolingana, gololi moja ndo inaenea kwenye mtutu huo, kama milimita 18.5 hivi. Kwa hiyo 20 ni mtutu mwembamba kuliko 12, namba ikipanda upana unashuka. Alafu kuna namba ya marisau yenyewe yaliyomo ndani, nayo inaenda kinyume hivyo hivyo: namba 7 na nusu ni vichembe vya milimita 2.4 hivi, vya ndege na mazoezi, namba 4 vikubwa kidogo, ukifika kwenye SG, ambayo Wamarekani wanaiandika 00, hapo sio vichembe tena, kila kimoja kina milimita 8.4 na kwenye risasi moja ya kawaida vinaingia 9. Ukifyatua mara moja umerusha vitu tisa, kila kimoja kinaweza kuua mtu.

Na hapa mfugaji wangu nataka unisikilize vizuri. Wewe uko majini. Marisau yakipiga maji kwa pembe ya chini hayazami, yanaruka na kuendelea, kama watoto wanavyorusha vijiwe bapa pale ufukweni. Vichembe vidogo vya namba 7 na nusu vinaweza kufika mita 200, SG zinaenda mamia ya mita. Sasa usiku wa giza, mwezi haupo, huo ndo usiku wa wezi na huo huo ndo usiku wa dagaa, mbele yako kuna taa za wavuvi zimetapakaa na katikati ya taa na taa kuna mitumbwi mingine ambayo wala haina taa. Unafyatua kwa mwizi wa sato unampata baba wa watu anavuta wavu wake. Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujitetea na kutetea mali, ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo, na mtu anayekimbia na kasia na ndoo ya samaki kumpiga marisau ya mgongo utaieleza vipi mahakamani?

Kwa hiyo jibu langu kwako hata kama hulipendi: kwa vizimba usinunue bunduki kwanza. Weka taa za sola zenye kuhisi mtu, weka vijana wawili sio mmoja (mmoja analala, tunajuana), filimbi, simu yenye chaji na namba za BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ya mwalo wenu pamoja na polisi wanamaji. Huku kwetu Usukumani ulinzi ulisimama kwa yowe kabla ya baruti, sungusungu wa miaka ya 80 walianza na filimbi na upinde, mwano, yaani yowe la kuita watu, ukipigwa kijiji kizima kinatoka, na mwizi anaogopa watu arobaini kuliko mtutu mmoja. Ukielewana na wenzako wenye vizimba jirani mkapeana zamu mmeshamaliza nusu ya kazi.

Mnandi wawekee nyavu juu ya kizimba. Ukiwapiga marisau yanadondokea humo humo unamofuga chakula cha watu, na madini ya risasi ni sumu, Marekani walishapiga marufuku marisau ya risasi kwa ndege wa majini tangu 1991 kwa sababu bata walikuwa wanayameza wakifa. Na mnandi ni mnyamapori, huwezi kujipigia tu kwa sababu ana njaa.

SWALI: Mzee habari. Baba alifariki mwezi wa nne, juzi tunapanga vitu vyake tumekuta shotigani chini ya kitanda imefungwa kwenye turubai, na kopo la Kimbo limejaa risasi, nyingine zina ukijani huku kwenye shaba. Leseni ilikuwepo tunaijua. Mdogo wangu anataka tuzijaribu shamba kama bado zinafanya kazi. Tufanyeje?
*Wa kwanza kuzaliwa, Buhongwa*

JIBU: Poleni sana na msiba. Mwambie mdogo wako asiziguse.

Leseni ya baba imeisha na baba. Silaha hairithiwi kama ng'ombe, anayetaka kubaki nayo anaomba upya kwa jina lake na polisi ndo wanaishikilia wakati huo. Wewe usiibebe kwenye bodaboda mpaka kituoni, nenda kituoni mikono mitupu na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, waeleze, wao watasema waje kuichukua au muipelekeje. Msikae nayo mkisubiri arobaini iishe, kila siku inayopita inakuwa silaha isiyo na mwenyewe na mnaolala nayo nyumbani ni nyie.

Risasi zenye ukijani ziacheni. Ule ukijani ni shaba inaliwa na unyevu, na ukiona na mwili wa karatasi umevimba ujue haitaingia vizuri, ikiingia haitatoka, au baruti inaungua kwa kusuasua marisau yanakwamia katikati ya mtutu na mkiifuatisha ya pili nyuma yake mtutu unapasuka kwenye mkono wa kushoto. Kuna na la urefu. Bunduki za zamani nyingi zimechongwa kwa risasi za milimita 65 au 70, za siku hizi zipo mpaka za 76, na ile ya 76 ikiwa haijafyatuliwa mdomo wake umekunjwa kwa hiyo inaingia vizuri kabisa kwenye chemba fupi (chemba ni pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa), inakudanganya, ikifyatuka mdomo unafunguka pasipo na nafasi na presha inapanda vibaya. Urefu umeandikwa ubavuni mwa mtutu na kwenye boksi, visipofanana basi.

Na kwa kuwa kopo limechanganywa, angalieni kama kuna za njano. Za geji 20 viwanda vinazipaka njano makusudi, kwa sababu ikidondoshewa kwenye mtutu wa 12 inateleza inakwamia mbele ya chemba, haionekani, mtu anadhani hakuweka kitu anaongeza ya 12 nyuma yake. Wameumia wengi kwa hiyo moja tu. Msizifungue, msizitupe chooni, msizichome, msizitupe ziwani. Zote ziende polisi pamoja na bunduki.

SWALI: Shikamoo baba. Mimi ni mlinzi wa kike, kampuni imenipa shotigani ya pampu getini lakini mafunzo yalikuwa siku moja tu na tulifyatua risasi chache sana. Bega liliniuma wiki nzima likawa jeusi, na kwenye shabaha nilikosa. Wenzangu wa kiume wanacheka wanasema shotigani haihitaji kulenga. Nifanyeje niizoee?
*Dada wa getini, Igoma*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hao wanaume waambie waje wasome hapa. Mtutu usio na choki, yaani usiobanwa mdomoni, unatawanya marisau kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja, basi. Mwizi akiwa mita tano kutoka kwako marisau yote yanapita kwenye duara kama kisosi. Ukikosa umekosa na kisosi chako. Hadithi ya kufyatua kibarazani ukafagia watu imetoka kwenye sinema.

Bega linauma kwa sababu kuna nafasi kati ya kitako na mwili. Ukiogopa teke unaisogeza mbali, ndo inapata mwendo wa kukupiga. Iingize kwenye lile shimo la bega, ndani ya mfupa sio juu ya mkono, ivute kwako kwa mkono wa nyuma, mguu wa kushoto mbele (kama unatumia kulia), magoti yalegee kidogo, kifua kiegemee mbele, watu wengi wanaegemea nyuma wakaanguka na bunduki. Alafu leta kitako shavuni, usiteremshe kichwa kukifuata kitako. Macho yote mawili wazi, unaangalia kitu unachokilenga, sio ncha ya mtutu. Na kama kitako ni kirefu kuliko mkono wako, ambayo kwa bunduki za getini ni kawaida kwa sababu zimetengenezwa kwa mwili wa mwanaume, mwambie msimamizi, kinafupishwa na fundi mwenye leseni, sio wewe na msumeno.

Mazoezi mengi hayataki risasi. Omba risasi bandia, zile za plastiki zisizo na kitu, risasi halisi zikiwa chumba kingine kabisa, fanya kuinua begani, kuvuta pampu mpaka mwisho na kusukuma mpaka mwisho, taratibu mpaka mkono ukumbuke wenyewe. Kidole nje ya triga muda wote mpaka umeamua kufyatua. Siku ya kiwanja cha shabaha waombe risasi zenye marisau ya gramu 24 au 28, teke lake ni dogo kuliko zile za gramu 36 wanazopenda kuwapa watu kwa sifa. Piga kwenye kadibodi mita 10, kisha 15, kisha 25, kila umbali kadibodi yake, uone mwenyewe marisau yametua wapi na umbali gani yanaanza kuacha mapengo. Kadibodi ikishakuonyesha, utajua kutoka getini kwako mpaka barabarani ni kiasi gani unaweza na kiasi gani huwezi.

Kampuni inayompa mtu silaha kwa siku moja ya mafunzo inacheza na maisha ya watu, na nasema hivyo nikijua wapo watakaonuna. Omba mafunzo kwa maandishi, baki na nakala.

SWALI: Mzee kiboko anamaliza mahindi yangu huku Magu, shotigani ya jirani inaweza kummaliza?

JIBU: Haiwezi, itamkasirisha. Ngozi ile marisau yanaishia juu juu, anaondoka na kidonda na kesho mama anayechota maji ndo anakutana naye. Pia kiboko analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na bunduki ya jirani ni ya jirani. Piga simu TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) au afisa wanyamapori wa wilaya, na upande wa ziwa chimba mtaro au weka uzio wa chini wa magogo, kiboko hapendi kuvuka kitu.

SWALI: Kuna fundi kijijini anachonga gobole zuri tu, bei poa, kwa ulinzi wa nyumbani si inatosha?

JIBU: Hapana. Ni kosa kulichonga na ni kosa kulikuta kwako, na bomba la maji, ambalo ndo mtutu wake, halikutengenezwa kubeba baruti. Kama unalo tayari lisalimishe, serikali imeshatangaza msamaha wa kusalimisha kwa hiari zaidi ya mara moja.

SWALI: Mzee nina shotigani yenye leseni, naishi karibu kabisa na maji Ilemela, kila nikiitoa ina kutu. Naihifadhi kwenye mkoba wake wa ngozi.
*Msomaji, Ilemela*

JIBU: Mkoba ndo tatizo. Ngozi na turubai vinanyonya unyevu wa ziwa vinaukumbatisha kwenye chuma. Mkoba ni wa safari, nyumbani iweke kwenye kabati la chuma lenye kufuli, mtutu haujajazwa, risasi kwenye kufuli lingine. Ukiishika ifute, jasho la vidole linaanza kutu ndani ya siku moja. Mafuta ya bunduki ni tone, kitambaa kikiwa na unyevu unyevu kinatosha, ukimwaga yanateremka kwenye triga yanashika vumbi. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, weka humo kabatini ubadilishe ukikumbuka. Risasi usizipake mafuta kabisa, yanaweza kupenya yakaua baruti, na usiziweke darini chini ya bati. Boksi liandike tarehe uliyonunua kwa maka peni, za zamani ndo zitangulie siku ya mazoezi.