Tairi kushika upepo si tairi kupona

SWALI: Shikamoo mhandisi. Ninaishi Goba na kila siku ninaendesha gari la umeme kwenda kazini Posta. Tangu mvua za masika zianze nimepata pancha tatu, mbili kwenye matairi ya nyuma, na zote zilizibwa kwa utambi, yaani kamba ya mpira inayosukumwa kwenye tundu kwa nje. Wiki iliyopita moja ya matairi hayo lilipasuka ubavuni ghafla, ingawa halikuwa na msumari. Fundi wa mtaani kwetu anasema gari hili ni zito mno, hivyo misumari inalichoma kirahisi, na ananishauri niweke tyubu au nimimine dawa ya pancha katika matairi yote. Gari halikuja na tairi la akiba. Nifuate ushauri wake?

JIBU: Marahaba. Tyubu usiweke, na hiyo dawa usiimimine. Sababu nitazieleza, lakini macho yangu yameishia kwenye tairi lililopasuka, ambalo umelitaja kana kwamba ni mkosi mwingine tu baada ya pancha tatu, wakati ndilo linalosimulia mkasa wote.

Kuhusu uzito, fundi wako ameshika nusu ya ukweli. Magari mengi ya umeme ya familia yana kati ya kilo 1,600 na 2,200 yakiwa matupu, kwa sababu ya betri iliyotandazwa chini ya sakafu, na Toyota IST ina takriban kilo 1,000 tu. Lakini msumari hausubiri kilo 500 ndipo uingie. Kilo 250 zinazobebwa na kila tairi la IST zinatosha kuuzamisha hadi kichwa, na bajaji, ambayo ni nyepesi kuliko zote hizo, haikosekani kwa fundi pancha. Matairi ya nyuma huchomwa zaidi kwa kuwa tairi la mbele hukanyaga msumari uliolala na kuuinua, kisha la nyuma linaukuta umesimama. Mvua nayo husomba misumari na vipande vya chuma kutoka kwenye maeneo ya ujenzi hadi barabarani, na mpira uliolowa hukatika kirahisi kuliko mkavu. Kama kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zimekwisha, na katika gari la umeme huisha mapema kwa sababu ya uzito na nguvu ya kuondoka, basi umemrahisishia msumari kazi. Hapo hakuna la ajabu.

Uzito unafanya madhara yake baada ya tundu kupatikana, na hili ndilo ninaloshindwa kulifikisha kwa watu mwaka wa ngapi sasa. Kinachobeba gari ni upepo uliomo ndani ya tairi. Mpira na waya ni chombo cha kuuhifadhi tu. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, unapata joto, na nyuzi zilizomo ndani ya mpira huanza kuachana. Gari la kilo 1,000 linaweza kusamehe kilomita chache za namna hiyo. La kilo 2,000 halisamehi, na ukiangalia kwa nje huoni chochote.

Sasa tazama kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Katika magari mengi mazito ya umeme utakuta kimeandikwa upepo wa karibu psi 40, na mengine 42. Fundi wa barabarani hujaza 30 au 32 kwa kila kinachosimama mbele yake, kuanzia Vitz hadi Prado, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Tairi linalotaka 42 likipewa 32 limepungukiwa karibu robo ya upepo wake, na kibaya zaidi ni kwamba taa ya tahadhari inaweza kubaki kimya: sheria ya Marekani, kwa mfano, inadai taa iwake upepo unapopungua kwa asilimia 25, na 32 iko juu kidogo ya mstari huo. Wengine taa inawawakia, lakini maandishi kwenye kioo cha dashibodi ni ya Kichina na hawajui yanasema nini. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa la baridi. Ukipima saa nane mchana, baada ya foleni ya Barabara ya Bagamoyo, geji itakuonyesha namba kubwa iliyoletwa na joto, nawe utaondoka umeridhika.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, tairi lako lilichomwa, likatembea na upepo pungufu kabla hujagundua, likazibwa kwa nje bila kuvuliwa, likajazwa 32, na likarudishwa barabarani likiwa limekwishakufa. Siku niliyoanza kuamini hadithi hii inajirudia kila mahali ni siku nilipovua tairi la mteja mmoja lililokuwa limezibwa asubuhi ile ile. Kwa nje liling'aa, na utambi ulikuwa umekatwa vizuri usawa na kashata. Kwa ndani nilipitisha kidole ubavuni nikakitoa kimejaa unga mweusi wa mpira, na kulikuwa na mviringo uliochubuka kuzunguka tairi zima, mpana kama vidole viwili, ambao nyuzi zake zilikuwa zimeanza kuonekana. Alikuwa anajiandaa kwenda Morogoro na watoto.

Ndiyo maana ninakosa subira na utambi. Utambi wenyewe hauna kosa. Unafaa kukufikisha gereji. Kosa ni imani kwamba tairi likishika upepo limepona. Anayeziba bila kulitoa tairi kwenye rimu hawezi kujua hali ya ubavu kwa ndani, hawezi kujua kama msumari ulipita wima au ulichana waya kwa mshazari, na kwa sindano yake ya kukwangulia mara nyingi huongeza tundu ambalo lilikuwa dogo. Ukarabati unaostahili jina hilo ni mmoja: tairi livuliwe, likaguliwe kwa ndani kwa taa, tundu lisizidi milimita 6 na liwe katikati ya kashata, mbali na bega na ubavu, kisha kiwekwe kutoka ndani kiraka chenye kikonyo, mfano wa uyoga, ambacho kikonyo chake huziba njia ya msumari na kofia yake hufunika eneo kwa solusheni. Ukikuta sifongo imegandishwa ndani ya tairi, usiruhusu ing'olewe yote kana kwamba ni uchafu. Ipo kwa ajili ya kupunguza kelele, na kinachotakiwa ni kukata kipande kilicho juu ya tundu tu. Tairi lenye ule unga mweusi halizibwi kwa njia yoyote.

Tyubu ni mbaya kuliko utambi. Tairi lisilo na tyubu likichomwa huushika msumari na kuvuja taratibu, likakupa nafasi ya kufika nyumbani, ilhali tyubu ikichomwa hutoa upepo kwa mkupuo. Husuguana na tairi na kuongeza joto lile lile tunalolikimbia, na katika magari mengi fundi atalazimika kung'oa kihisi cha upepo kilichofungwa kwenye valvu ili tyubu iingie. Umelipa mamilioni kwa gari linalokupa tahadhari, kisha unamlipa mtu aiondoe.

Mawili yaliyobaki na utambi yavuliwe wiki hii yakaguliwe. Unaponunua jipya, usitazame ukubwa peke yake. Tairi la 235/50 R19 lenye namba ya mzigo 99 hubeba kilo 775, na la ukubwa huo huo lenye namba 103 na herufi XL hubeba kilo 875 likijazwa upepo wake kamili. Yakipangwa dukani yanafanana, na muuzaji wa mtumba atakuuzia lolote alilo nalo. Siku hizi yapo pia yenye herufi HL, yaliyotengenezwa kwa magari mazito kama haya. Na anapolinyanyua gari, fundi aweke jeki kwenye sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Nimeshaona bamba la betri lililobonyezwa na jeki kwa ajili ya pancha ya shilingi elfu chache.

Kuhusu dawa, nawaambia na wengine wote wanaonunua makopo hayo kwenye foleni na kuja kuniuliza nimimine wapi. Ile iliyokuja na gari pamoja na pampu yake ni ya dharura: inakusogeza hadi gereji kwa mwendo mdogo, na haitibu ubavu. Kuimimina kwenye tairi lisilo na tundu ili "lisipate pancha" ni kununua maji mazito yanayotuama chini gari likilala, yakavuruga balansi na kuziba kihisi. Kama umekwishaitumia, mwambie fundi kabla hajaligusa tairi. Baadhi ya makopo hayo husukumwa na gesi inayoshika moto, na mtu anayechokonoa tundu kwa chuma huku ameshika sigara mdomoni hana njia ya kujua kilichomo ndani mpaka wewe useme.