Ukisafiri, sungura umwachie nani? Jibu kwa dada wa Tudor

Dada wa Tudor, umesema mnaenda Lamu siku kumi mwezi wa Disemba na mna sungura wawili ndani ya nyumba. Umetaja njia tatu: kuwaachia chakula kingi na maji mkafunga mlango, kuwabeba kwenye basi, au kuwapeleka Likoni kwa shangazi yako ambaye naye anafuga. Nimefuga sungura hapa Mombasa kwa miaka na kila likizo hulazimika kulipangia jambo hili, kwa hivyo niwie radhi jibu likiwa refu.

Njia ya kwanza iondoe kabisa, hata ingekuwa ni kulala usiku mmoja tu nje. Shida si chakula kwisha. Utumbo wa sungura haufai kusimama. Unataka nyuzinyuzi zipite mchana na usiku. Akikaa bila kula kwa muda wa saa 12, utumbo hupunguza mwendo, gesi hujaa, maumivu humzidishia kukataa chakula, wala hawezi kutapika. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili na bakuli lake limejaa. Na hatalia. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, maumbile yake ni kuficha udhaifu. Akiugua hujikunja pembeni kimya, na asiyemjua atadhani amelala. Unayemtafuta basi ni mtu wa kuwatazama. Kumimina chakula ni kazi ndogo.

Basi nalo hapana. Kutoka hapa hadi Mokowe, gati ya kuvukia kwenda Lamu, ni safari ndefu ya joto, mtikisiko na kelele, kisha kuna boti. Sungura hatoki jasho. Joto lake hulitolea masikioni. Ndani ya kikapu kilichobanwa chini ya kiti hana pa kulipeleka.

Kwa shangazi ningefikiri mara mbili. Sungura wasiojuana wakikutanishwa hupigana vibaya sana, na dume na jike wakikutana kwa dakika chache tu mimba imeshaingia. Pia ukurutu wa masikio huhama kwa urahisi kutoka banda hadi banda, na koksidia, vijidudu vya utumbo, vilevile. Kama hakuna njia nyingine, wawe chumba chao, na vyombo vyao, na shangazi awahudumie wa kwenu kwanza, anawe mikono, ndipo aende kwa wa kwake. Lakini kilicho bora ni wabaki nyumbani kwao, kwenye harufu wanayoijua, na mtu awajie asubuhi na jioni.

Mtu gani? Mimi humtegemea jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima ambaye hajawahi kufuga sungura maishani mwake. Kuna kijana mtaani anayewapenda kupita kiasi, nami nilimpita makusudi, kwa sababu akiwaona tu anataka kuwabeba. Sungura akibebwa vibaya akapiga teke, anaweza kujivunja uti wa mgongo. Yule mama hawagusi. Akiingia anakaa kwenye kigoda, anawatazama, anahesabu nani amekuja kula na nani hakuja. Ahadi yake ya asubuhi ni asubuhi kweli. Mtu wa namna hiyo, hata kama hana mapenzi ya wanyama, mkamate. Watoto wa jirani wasiachiwe kazi hii peke yao.

Usimpe maelezo siku ya safari ukiwa na mabegi mlangoni. Mwalike siku kadhaa kabla, afanye kazi yote yeye mwenyewe wewe ukiwa umesimama kando. Jambo la kwanza mfundishe kinyesi, na usione haya. Kila jioni afagie vidonge vyote, asiache hata kimoja. Asubuhi akute vipya, vingi, vya mviringo, vya ukubwa wa mbaazi. Vikiwa vidogo, vichache, au hamna, hiyo ni simu ya papo hapo, si ya jioni. Mwambie pia yasiyo ya kumtisha: vile vidonge laini vinavyong'aa vilivyoshikana kichala, ambavyo sungura huvila mwenyewe, ni chakula chake halali. Na mkojo wa rangi ya chungwa au wekundu mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Jirani yangu alinipigia simu kwa sababu dume wangu aliacha vidonge vidogo vidogo na hakuja kupokea dania, kitu ambacho huwa hakisubiri. Alifikishwa kwa daktari kabla ya adhuhuri, na akapona.

Chakula kipange mapema. Nyasi kavu ndiyo nguzo. Aina iitwayo Boma Rhodes hupatikana kwa marobota kwenye maduka ya pembejeo, na kila sungura apate kwa siku fungu la ukubwa wa mwili wake. Unyevu wa kwetu huozesha nyasi upesi, basi ziinue kutoka sakafuni na mwambie anuse kabla ya kuweka. Zenye harufu ya ukungu zitupwe. Peleti, yaani chakula kikavu cha dukani kilichoshindiliwa, pima mwenyewe: gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama zinatosha kwa siku. Zitie kwenye bahasha za karatasi zenye jina la siku, maana mpishi mkarimu akiachiwa gunia zima atamimina mpaka bakuli lifurike. Majani anunue mabichi kwa mama mboga: dania, majani ya karoti, sukuma kidogo.

Hapa lazima uwe mkali kwa adabu. Watu wetu wa Pwani humkirimu mgeni kwa kumlisha, na sungura naye ataletewa hamri. Mkate, mahamri, biskuti na wali huvuruga tumbo lake. Parachichi ni sumu kwake, tunda na majani yake. Majani ya nyanya na kisamvu kibichi pia yasimfikie. Yaandike haya kwa herufi kubwa, uyabandike ukutani juu ya chakula chao.

Maji: kama nyumba yenu ina kisima cha maji ya chumvi, kama nyumba nyingi hapa, weka madumu ya maji matamu yaliyoandikwa "ya sungura". Sungura akichukia ladha hupunguza kunywa, na asiyekunywa hupunguza kula. Wawekee bakuli zito la udongo hata kama wamezoea chupa, kwa sababu chupa huziba bila mtu kujua.

Sasa joto, na hili ndilo linaloniogopesha zaidi kwa safari ya Disemba. Kaskazi ishaingia, mchana hufika nyuzi 31 au 32, na hewa imejaa unyevu. Sungura anaanza kutaabika joto likipita nyuzi 28 hivi. Wahamishie chumba kisichopigwa na jua la alasiri, chenye madirisha mawili yanayopitisha upepo, madirisha yakiwa na waya, kwa sababu kunguru na paka wa mtaa hawaogopi nyumba isiyo na watu. Sakafu ya vigae waiachie wazi walalie. Gandisha chupa za maji, na kila asubuhi jirani azungushie moja kitambaa aiweke karibu nao. Feni iwake lakini isiwapige moja kwa moja, na tokeni za stima zinunuliwe za kutosha kabla hujaondoka. Stima ikikatika, jirani aje mchana pia, hilo mkubaliane mapema. Akimkuta sungura anahema mdomo wazi, masikio ni moto, amelala hoi, amlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, ampeleke kivulini, na daktari aitwe wakati huohuo.

Nzi nao hufanya kazi haraka. Manyoya ya nyuma yakichafuka, nzi hutaga hapo, na ndani ya siku moja funza wameanguliwa na wanakula ngozi. Kutazama nyuma kwa tochi ya simu kila jioni, bila kumbeba, kunatosha.

Daktari mtafute sasa hivi. Hapa mjini wengi wamezoea paka, mbwa, mbuzi na ng'ombe. Piga simu uulize waziwazi kama anatibu sungura, kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na kama atakuwepo tarehe 25 na 26. Ukimpata, mwambie fulani atamleta sungura kwa niaba yangu, malipo nitatuma kwa M-Pesa. Mwachie jirani karatasi yenye sahihi yako, inayosema daktari atibu bila kukungoja na hadi kiasi gani cha pesa. Mkiwa kwenye boti, simu isiposhika, karatasi hiyo ndiyo itakayoamua. Na umkataze jirani kununua dawa dukani kwa kuelezewa tu na muuzaji. Dawa za jamii ya penisilini, kama amoksilini, sungura akinyweshwa kwa mdomo huua bakteria wema wa utumbo na zinaweza kumwua yeye mwenyewe. Kikapu cha kumbebea kikae mlangoni, wazi, kina taulo ndani, ili asubuhi ya dharura pasiwe na kutafutana.

Picha usiombe za sura zao. Utafurahi tu, hutajua chochote. Omba picha ya sakafu kabla ya kufagia na ya bakuli la majani nusu saa baada ya kuwekwa. Mnunulie jirani bando, mpe nauli ya tuktuk ya kwenda kwa daktari mkononi kabla hamjaondoka, na mlipe kama mtu aliyefanya kazi, hata akikataa mara ya kwanza. Kwetu zawadi kutoka safarini ni heshima, lakini isichukue nafasi ya malipo.

Kuna jambo hukulitaja. Hao wawili ni jinsia gani? Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Kama ni dume na jike na dume hajahasiwa, huenda jike akazaa mkiwa Lamu, na jirani akakutana na vitoto visivyo na manyoya hajui avifanyeje. Watenganishe leo, kwa wavu, waendelee kuonana na kunusana. Kisha andika hapa umri wao na tarehe ya mwisho waliyokuwa pamoja, tupige hesabu kabla hujakata tiketi.