Pumzi ya Mbeya haipatikani kwenye kopo la vidonge

Siku ya pili baada ya kuhamia Mbeya kutoka Tanga nilivaa raba, nikakimbia kuelekea mlima Loleza. Robo saa haikuisha. Nilikaa juu ya jiwe, moyo unadunda hadi masikioni, mama mmoja akanipita na mzigo wa kuni kichwani. "Pole, kaka," akasema, wala hahemi.

Nikakimbilia duka la dawa. Nikauziwa vitamini C na E, eti ni antioksidanti, yaani vitu vinavyozima kemikali haribifu mwilini, zinaongeza pumzi. Nikameza miezi miwili. Hela yangu iliishia huko.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Oksijeni hewani bado ni asilimia 21 kama Tanga, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo kila ukivuta unaambulia pungufu. Figo zikihisi upungufu huo hutoa homoni iitwayo eritropoietini, nayo huuhimiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Jinsi seli zinavyotambua oksijeni imepungua ndiko kulikowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Homoni hupanda ndani ya saa chache. Damu huchukua wiki kadhaa. Usilazimishe. Wiki mbili za kwanza mimi ningetembea tu.

Na vidonge hivyo vikizidi vinaweza kukurudisha nyuma. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa mazoezi huufanya mwili uitikie vizuri zaidi insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, lakini waliokuwa wakimeza C na E kwa wingi waliikosa faida hiyo. Inaonekana zile kemikali haribifu, "sumu" ndogo inayozalishwa na mazoezi, ndiyo inayoushtua mwili ujirekebishe. Ukiizima, umezima kengele.

Kosa langu kubwa lilikuwa chai. Nilipopima, wekundu wa damu (hemoglobini) ulikuwa 11 tu, pungufu kwa mwanamume mzima! Homoni inaagiza damu, madini ya chuma hayapo. Na chai ya Rungwe, naipenda mno, ina antioksidanti zake zinazokamata chuma cha maharage na mboga tumboni kabla hakijafyonzwa. Nilikuwa nateremshia kila mlo kwa kikombe cha rangi.

Siku hizi nakunywa saa kumi, mbali na chakula, na mboga za maboga nazikamulia ndimu ili chuma chake kifyonzwe vizuri. Ukihema hata umekaa, achana na ushauri wangu, nenda hospitali.