Kwa mdogo wangu aliyeitwa misheni ya Kihispania

Juzi kijana mmoja wa jumuiya yetu ya Wakongo hapa Boise, Idaho, alinipa simu yake nisome barua ya wito wa umisionari kutoka kanisa letu, la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni). Miezi 24, Texas, kwa Kihispania. Mama yake alikuwa ameketi pembeni, akauliza swali lile lile aliloniuliza mama yangu: "Kwani Waswahili wamekwisha?"

Nimemwahidi huyo mdogo wangu kuandika. Mimi nilihudumu Houston, kusini-magharibi mwa jiji, katika mtaa wa Gulfton wenye maghorofa mafupi yaliyobanana na watu kutoka Honduras, El Salvador na Guatemala. Wakongo pia wapo, ingawa sikutumwa kwao.

Lugha isikutishe. Kihispania kina irabu tano kama sisi, na kinasomwa kama kilivyoandikwa. Kule Provo, Utah, katika wiki sita za mafunzo ya wamisionari, wenzangu Wamarekani walikuwa wanatoa jasho kutamka maneno ambayo kwangu yalikuwa kama majirani: mesa ni meza, azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni. Nikajiona bingwa. Basi nikafika Houston nikamwita mwenzangu "kaka" mbele ya watoto. Walianguka chini kwa kicheko. Kwao caca ni mavi. Na ukisema unampenda sana baba yako, hakikisha umesema papá, maana baba kwa Kihispania ni udenda.

Sisi watu wa Kivu tuna tatizo jingine, R na L zetu hubadilishana viti bila ruhusa. Pero ni "lakini", perro ni mbwa, pelo ni nywele. Nilitaka kumsifu mama mmoja kwa mbwa wake, nikasifu nywele zake, na mume wake amekaa hapo hapo na kijiko mkononi. Fanya mazoezi ya R kila siku bafuni. Na kila mtu mwite usted, yaani "wewe" ya heshima, hata kijana wa rika lako, mpaka akuambie vingine. Utawasikia Wahondura wakiitana vos, "wewe" ya kirafiki. Hiyo waachie wenyewe.

Ratiba utapewa: kuamka saa 12:30 asubuhi, kusoma, kisha kutoka. Ni ratiba nzuri, ila watu wako hawaifuati. Wapaua nyumba wameondoka alfajiri kabla joto la Houston halijapanda, na wasafisha ofisi wamerudi asubuhi, wamelala. Mchana wote utagonga milango ya watu wasiokuwepo. Sisi tuliokolewa na darasa la Kiingereza la bure, jioni mara mbili kwa wiki. Watu walikuja wakiwa bado na rangi mikononi. Wengine hawakuwahi kutuuliza lolote juu ya Kitabu cha Mormoni, na sikuona sababu ya kununa.

Suala la mlango nataka ulisome mara mbili. Mko wawili, mashati meupe, tai, beji nyeusi kifuani. Wewe unajiona mtumishi wa Mungu, lakini aliye ndani anachungulia tundu la mlango na kuona maofisa wa uhamiaji, la migra. Utasikia televisheni ikizimwa, na miguu ya mtoto ikikimbilia chumbani. Wiki yangu ya kwanza nilidhani wamepuuza, nikagonga tena kwa nguvu. Naona aibu mpaka leo. Gonga mara moja, kwa upole. Rudi nyuma hatua mbili uonekane mzima mzima, sema jina lako na kanisa lako kwa Kihispania, kisha ondoka wasipofungua. Usisimame mlangoni ukiandika kitu kwenye daftari. Usimuulize mtu amevukaje wala ana karatasi gani. Mlango mmoja uliofunguliwa kwa sababu jirani amekutaja vizuri unazidi arobaini uliyogonga mwenyewe.

Watakuletea barua za Kiingereza, za shule, za hospitali, za mahakama. Wakikuomba, wasomee, lakini ushauri wa sheria usitoe hata neno moja. Kwao Amerika ya Kati, notario ni mwanasheria mwenye hadhi kubwa. Marekani, anayeitwa hivyo kazi yake ni kushuhudia sahihi tu, na wapo wanaotumia mkanganyiko huo kula pesa za watu. Baba mmoja wa Honduras alimlipa mtu wa namna hiyo mshahara wa karibu miezi miwili, akasubiri. Ombi la hifadhi, kwa kawaida, linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini. Alipogundua hakuna kilichowasilishwa, mwaka ulikuwa umepita. Tafuta mapema mashirika yenye mawakili halisi, na anwani zao ziwe mfukoni mwako.

Kwa baba huyo huyo nilifanya kosa. Alikuwa ananisimulia safari yake ya kuvuka Mexico, nikamkatiza: "Nakuelewa, mimi pia nilikuwa mkimbizi." Akaniuliza kwa adabu kama nilikuja kwa ndege. Ndiyo. Karatasi nilipewa lini? Kabla ya kupanda. Nikakumbuka ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, niliokumbatia njia nzima nikiwa na miaka 11, wenye kila karatasi ya familia yetu ndani. Akatikisa kichwa, akanisogezea sahani ya baleada. Nilikula kimya.

(Chakula usikatae. Chapati zile zenye maharage zitakukumbusha nyumbani. Na Wahondura wengine watadhani wewe ni Mgarifuna, Mweusi wa pwani yao. Wakikuita moreno, yaani mweusi, usikimbilie kukasirika. Mwenzako naye utaishi naye saa 24, kwa hiyo vyombo vioshe siku ile ile. Jumatatu utampigia mama; mwache alie kwanza.)

Kisha kuna bibi mmoja wa Guatemala. Tulimfundisha majuma matatu. Kila tulichouliza alijibu sí, akitabasamu, nasi tukaandika kwamba anaendelea vizuri. Siku moja mjukuu wake alikuwepo, akatuambia: "Bibi hajui Kihispania sana. Yeye lugha yake ni Kik'iche'."

Nilitamani sakafu inimeze, maana nilimjua bibi yule. Nyanya yangu alizungumza Kibembe, na kule kambini Nyarugusu, Tanzania, kila mfanyakazi wa shirika alipomuuliza jambo kwa Kiswahili cha haraka alijibu "ndiyo, ndiyo", wakaweka tiki, wakaenda. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikijua kwamba hajaelewa.

Siku hiyo tulifunga vitabu. Nilimwomba mjukuu amuulize "asante" inasemwaje kwao. Bibi akasema maltyox. Nikajaribu. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa shali, akasema tena, polepole, akinionyesha midomo.