Kabla Hamjang'oa Nanga Kipupwe Hiki

Jana gatini hapa Lamu niliwakuta vijana watatu wakipakia mashua ya kwenda Kiwayu, kisiwa cha huko kaskazini. Madumu mawili ya maji kwa watu tisa. Nikawauliza, mnarudi lini? "Kesho, mzee." Kesho, na huu ni mwezi wa saba! Wanangu, nisikizeni.

1. Pangeni kurudi kwanza. Kwenda, kusi, upepo wa kutoka kusini, inawasukuma. Kurudi ni bisho tupu, kwenda mshazari mkipingana na upepo, na kila bisho linaleta maji chomboni. Ongezeni siku, ongezeni dumu.

2. Maji ya Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mnajua kwamba mashua iliyopakia hupita pale maji yakijaa tu, na kwamba kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Na mimi nilijua.

Ilikuwa tarehe 17 ya mwezi mwandamo, siku yangu ya nne ya unahodha, narudi kutoka Faza, kisiwani Pate, na abiria wanane wa arusini. Walitaka kungoja pilau, nikaona haya kuwakatalia. Tulipofika Mkanda jua limezama, maji yameshageuka. Baharia wangu, mtu mzima kuniliko, akasema tutie nanga hapa tungoje. Nikamkatalia mbele ya abiria. Hatukwenda mbali. Usukani uligusa mara moja, kama mtu anayebisha hodi, kisha mashua ikakaa topeni na kulala ubavu.

Ikaja mvua na upepo wake. Nguo zetu zilikuwa zimelowa tangu mchana, tanga limelowa, na sikubeba hata shuka moja kavu. Bibi mmoja alikumbatia magoti, meno yanagongana, wanawake wenzake wakamweka kati. Baharia yule alivua koti lake akampa. Mimi hakuniambia neno, usiku kucha.

Maji yalituinua karibu na alfajiri. Bibi alilala na homa siku nne. Kila asubuhi nilikwenda kumjulia hali, na kila asubuhi aliniombea dua. Angenitukana ningepumua.

3. Turubai, na mablanketi ndani ya pipa lenye kifuniko. Watu wa bara wanadhani Lamu hakuna baridi. Walowe kwanza, wakae upepo wa usiku.

4. Farumi, ule uzito wa chini wa kutuliza chombo, ifungeni. Ngama, maji yanayokusanyika chini ya chombo, ifueni kabla ya kulala.

5. Baharia mzee akisema tungoje, ngojeni.

Wale vijana wameondoka leo na turubai langu na madumu matatu zaidi. Nimewaambia nalitaka keshokutwa.